Boriti Zilizodumu Kuliko Dhahabu

Katika karne ya 10 hakukuwa na bandari upande wa Uajemi iliyosifiwa kwa utajiri kama Siraf. Al-Istakhri, mwanajiografia aliyeandika zama hizo, anasema mji huo ulikaribia Shiraz kwa ukubwa, na kwamba wenyeji wake walimwaga mali katika majumba. Mfanyabiashara mmoja aliyemfahamu alitumia dinari 30,000 kujenga nyumba yake. Tena ulikuwa mji wa joto kali, umebanwa kati ya mlima na bahari, hauna bustani wala mti wa kivuli. Matunda na maji ya kunywa yalishushwa kutoka milima ya Jamm. Majumba ya ghorofa yalisimamaje mahali pasipo na mti? Al-Istakhri anajibu kwa ufupi: kwa msaji, na kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanj.

Nchi ya Zanj ndiyo pwani yetu. Al-Istakhri hakutaja mto wala kijiji. Lakini mtu akiuliza ni wapi katika pwani hii miti ya kujengea ilipatikana kwa wingi, ukingoni mwa maji yanayoelea chombo, bila kuiburuta nchi kavu, jibu halihitaji mjadala mrefu. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, na hakuna msitu mwingine wa aina hiyo Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa. Ukiwa Mtawanya, kata ya nchi kavu katika Wilaya ya Kibiti, msitu huo uko upande wa mashariki, huko Salale na Nyamisati na visiwa vya tope ambavyo mto umevikata kwa mikono yake mingi kabla ya kuingia baharini mkabala na Mafia.

Vitabu vya historia ya biashara ya Waswahili hupenda kuanza na dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu, na si ajabu, maana dhahabu humeta. Mimi nitaanza na boriti. Bidhaa hii haikumpa sultani yeyote sifa, haikuimbwa, na wapelelezi wa Kireno hawakuihesabu. Lakini dhahabu ilikuja ikaondoka, pembe zilikuja zikaondoka, na boriti ziliendelea kupakiwa.

Kwanza turudi nyuma kidogo, kabla ya Uislamu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinaeleza safari ya kuteremka pwani hii mpaka soko la mwisho, Rhapta, palipouzwa pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wageni kutoka Muza, bandari ya Yemen, waliingiza mikuki, mashoka madogo, visu na vitu vya kioo. Kitabu kinaongeza kwamba wageni hao walijua lugha ya wenyeji na walioa kwao. Rhapta ilikuwa wapi hasa? Wataalamu wanabishana hadi leo. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliitafuta katika delta ya Rufiji, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alichimbua shanga za kioo za zama za Warumi mahali paitwapo Mkukutu, Kibiti. Shanga peke yake hazitoshi kuwa mji. Zinatosha kuonyesha kwamba kabla ya adhana kusikika pwani hii, tayari kulikuwa na watu wa bara ya Rufiji waliokuwa na kitu cha kubadilishana na watu wa mbali.

Uislamu ulipofika haukuikuta pwani tupu. Ulikuta vijiji vya wavuvi, wakulima na wahunzi, wenye vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni, vyungu ambavyo vigae vyake vinaokotwa tangu Kenya mpaka Msumbiji. Ulichokileta ni wanunuzi wengi zaidi na utaratibu mmoja wa kununua. Basra ilianzishwa katika miaka ya 630, muda mfupi baada ya Mtume kufariki. Khalifa Abd al-Malik alipiga dinari za Kiislamu zilizoandikwa maneno matupu bila sura ya mtu katika miaka ya 690, na kuanzia hapo mfanyabiashara wa Basra na wa Damasko walihesabu kwa kipimo kimoja. Baghdad ilijengwa mwaka 762. Mji mkubwa hauna haya: unataka nafaka, unataka nguo, unataka manukato, unataka watumwa, na kabla ya yote unataka paa.

Hapo ndipo mkoko unapoingia, na inafaa tuutazame kwa karibu. Mikoko ya delta si mti mmoja. Kuna mkoko wenyewe, unaosimama kwa mizizi iliyopindana juu ya tope. Kuna msinzi, ambao wengine huuita muia, ulionyooka na mzito. Kuna mkandaa, mwembamba, unaotoa fito na mapau, na magome yake hutumika kutia ngozi rangi. Mchu na mkomafi ina kazi nyingine, kama vile kuunda vyombo. Mkataji huingia na mtumbwi wakati maji yamejaa, hukata maji yakitoka, husubiri maji yarudi ili yamsaidie kubeba. Siku za bamvua maji hufika mbali ndani ya msitu na kazi huwa nyepesi. Siku za maji mafu mti uliokatwa ndani hubaki ndani. Boriti hupangwa kwa unene, nyembamba zikiwa fito na pau, nene zikiwa nguzo, na huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Mti huu mbichi ni mzito kiasi cha kuzama. Mchwa hawaupendi. Na urefu wa boriti iliyonyooka vizuri bila kupungua unene ni mita mbili na nusu, labda tatu. Kipimo hicho kidogo kiliamua sura ya miji. Nenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Kua kule Mafia, upime vyumba: virefu, lakini vyembamba. Mwashi angeweza kujenga ukuta wa matumbawe na chokaa mrefu apendavyo. Upana wa chumba ulikuwa ni amri ya mkoko, kwa sababu boriti ndizo zilizobeba dari la mawe na chokaa. Nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain zina vyumba vya namna ile ile, na watu wa huko waliziita boriti zetu chandal.

Hata misikiti ya mwanzo ilikuwa kazi ya miti. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za nguzo za misikiti midogo iliyotangulia, ya miti na udongo, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Watu waliswali chini ya boriti kwa vizazi kadhaa kabla ya kujenga kwa mawe.

Biashara yote hii iliendeshwa na upepo. Kaskazi huanza mwezi wa Novemba au Desemba na huleta vyombo kutoka Oman, Yemen na Ghuba. Mwezi wa Aprili upepo hugeuka, kusi huanza kuvuma, na vyombo hurudi. Katikati nahodha na wafanyabiashara wake walikaa pwani miezi kadhaa. Hapo lilizuka tatizo ambalo lilitatuliwa kwa ustadi. Mgeni huyu hajui bei, hajui nani mkweli, hajui lugha vizuri. Mwenyeji naye hamjui mgeni. Nani atamdhamini nani?

Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, aliona jawabu mwaka 1331 alipofika Mogadishu. Anasimulia kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa sambuku ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, mwenyeji humuuzia mali yake na humnunulia ya kurudi nayo. Mtu akimlalia mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwepo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kaskazi hakupewa jembe, alipewa nyumba kwa miezi, kwa kuwa kila siku aliyokaa ilimwingizia mwenyeji wake kitu.

Nyuma ya mgeni huyo kulikuwa na mtaji ambao mara nyingi haukuwa wake. Sheria ya Kiislamu iliupa utaratibu jina la mudharaba, na wengine waliuita qiradh. Tajiri aliyebaki Siraf au Basra alitoa mali; msafiri alitoa jasho lake na hatari ya maisha yake. Faida waligawana kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo. Chombo kikizama bila uzembe wa msafiri, hasara ya mali ilikuwa ya tajiri, na msafiri alikuwa amepoteza kazi yake tu, kama hakupoteza roho. Mtume mwenyewe, kabla ya utume, alisafiri Sham na mali ya Bibi Khadija kwa mtindo huo wa ubia. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye mkono mfupi aliweza kuvuka bahari akitumia mali ya mtu mwingine, na tajiri mwoga wa mawimbi aliweza kuchuma Uswahilini bila kuloa miguu.

Woga wenyewe ulikuwa na sababu. Al-Mas'udi wa Baghdad, aliyevuka bahari hii na watu wa Siraf na Oman, alifanya safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917. Qanbalu ilikuwa katika kisiwa ambacho wataalamu wengi wanaamini ni Pemba, na Waislamu waliishi humo pamoja na Zanj wasio Waislamu. Alisema alikuwa amesafiri katika bahari nyingi na hakuona inayotisha kama ya Zanj, yenye mawimbi yanayoinuka kama milima. Wenye vyombo aliosafiri nao siku za nyuma walikuja kuzama humo humo.

Kutoka kwake tunajua njia ya pembe za ndovu. Ziliondoka pwani hii zikapita Oman, na kutoka Oman zikaenda India na China. Wakubwa wa China walibebwa kwenye viti vilivyopambwa kwa pembe. Wahindi walizifanya mipini ya majambia na kete za sataranji. Al-Mas'udi analalamika kwamba isingekuwa wanunuzi hao wa mashariki, pembe zingejaa tele katika nchi za Kiislamu. Malalamiko ya mteja aliyezidiwa bei.

Pembe ilikuwa nyepesi kwa thamani yake. Tajiri aliweza kuweka faida ya mwaka mzima kwenye pembe ya ngama. Lakini chombo chenye pembe chache na ngama tupu hupinduka. Kinataka farumi, kitu kizito cha kukaa chini na kukifanya kitulie. Kokoto ni farumi ya bure, na mwisho wa safari hutupwa baharini. Boriti ni farumi inayouzwa. Nadhani hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake: faida ya korija moja ilikuwa ndogo, lakini nafasi iliyokaa ilikuwa haina kazi nyingine, na kule zilikokwenda hakuna mtu aliyeweza kujipandia mkoko wake. Upande wa kuja, vyombo vilijaza tende, nguo, mitungi ya kioo na vyungu vya rangi ya feruzi, ambavyo vipande vyake vimechimbwa Unguja Ukuu, Kilwa na kwingineko.

Na vilibeba watu. Hili haliwezi kurukwa kwa adabu. Buzurg bin Shahriyar, nahodha wa Kiajemi aliyekusanya visa vya mabaharia katika karne ya 10, anasimulia kisa cha mwaka 310 Hijria, yaani 922. Nahodha Ismailawayh alitoka Oman akielekea Qanbalu, upepo ukamsukuma mpaka Sofala ya Zanj. Mfalme wa pale, kijana, akampokea vizuri, akawaacha wafanye biashara bila kuwatoza chochote. Siku ya kuondoka mfalme na watu wake saba walipanda chomboni kuwaaga. Nahodha akapiga hesabu kichwani: mfalme huyu atauzwa Oman kwa dinari 30, hawa saba kwa dinari 160 kwa jumla, na nguo zao zina thamani ya dinari 20. Akatweka tanga. Wageni wake wakaungana na watumwa wapatao 200 waliokuwa tayari chomboni.

Mfalme akauzwa. Akafika Basra akajifunza kuswali na kusoma Kurani. Akauzwa tena, akafika Baghdad. Akatoroka na mahujaji wa Khurasan, akahiji Makka, akapita Misri, akaufuata mto Nile, na mwisho akarudi kwao akakuta kiti chake hakijachukuliwa na mtu. Miaka baadaye upepo ukamrudisha nahodha yule yule mahali pale pale. Alijua amekwisha. Mfalme akamsamehe, kwa kuwa bila uovu ule asingeujua Uislamu. Lakini hakupanda tena chomboni kuwaaga.

Kisa hiki kimepambwa, na mwenye kukisimulia alikuwa Mwislamu akiwasimulia Waislamu wenzake. Hata hivyo hesabu ile ya dinari kichwani haina pambo. Ni sauti halisi ya soko. Kuna upande wake mwingine usiosimuliwa kwa utamu: mwaka 869 watumwa walioitwa Zanj, waliokuwa wakikwangua chumvi kwenye mabwawa karibu na Basra, waliasi chini ya Ali bin Muhammad, wakaiteka Basra mwaka 871, na Khalifa hakuwashinda mpaka 883. Mji uliokula kazi yao uliungua.

Siraf nayo ilianguka, kwa sababu nyingine. Mwaka 977 tetemeko la ardhi liliitikisa kwa siku saba. Haikufa siku hiyo, lakini wafanyabiashara walianza kuhama, na karne zilizofuata biashara ya Ghuba ilihamia Kish, kisha Hormuz. Wachimbaji wa Kiingereza wakiongozwa na David Whitehouse waliufukua mji huo kati ya mwaka 1966 na 1973.

Upande wetu, jua lilikuwa linachomoza Kilwa. Tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, inasema Ali bin Hasan, mtu wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mfalme wa wenyeji kwa nguo za kukizunguka kote. Wanahistoria wamechoka kubishana kama Washirazi hao walikuja kweli. Mimi navutiwa na malipo yenyewe: nguo. Katika nchi ambako pembe na mbao vilikuwa vingi, nguo ndiyo iliyokuwa mtaji, na aliyekuwa na nguo nyingi aliweza kuanzisha dola. Kilwa yenyewe ilikuja kusokota pamba. Vigurudumu vya kusokotea vimechimbwa humo kwa wingi. Tarikh inaongeza kwamba ukoo huo ulitawala pia Mafia, na Kisimani Mafia, mji uliosimama mkabala na milango ya Rufiji, umetoa sarafu za Kilwa.

Sarafu hizo zinafaa kutazamwa. Ni za shaba, ndogo, hazina tarehe, na jina la sultani upande mmoja limepangwa ili likubaliane kwa vina na maneno ya upande wa pili. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Za shaba za Kilwa hazikusafiri sana: Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na zimefikaje huko kila mtu ana hadithi yake. Ukiziacha hizo zilizopotea njia, picha ni wazi. Dhahabu ilipimwa kwa mithqali na kusafiri nje. Nguo na shanga zilikwenda bara. Shaba ilibaki sokoni Kilwa, na sioni kazi nyingine iliyoifaa kuliko kununua samaki, mtama na mafuta, vitu visivyostahili dinari. Mji wenye fedha ndogo ya chenji ni mji wenye soko la kila siku, na soko la kila siku hulishwa na bara iliyo karibu.

Utajiri ulikuja na dhahabu. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, anasimulia kwamba mvuvi mmoja wa Kilwa aliburutwa na samaki aliyenasa kwenye mshipi, mkondo ukamchukua hadi Sofala, akakuta chombo cha Mogadishu kikinunua dhahabu. Baada ya hapo Kilwa iliipora Mogadishu biashara ile. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemen, ambaye utotoni alikaa Aden miaka miwili akisoma, alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali mwanzoni mwa karne ya 14, na birika lake la pembe nane, nyua za bohari na vyumba visivyohesabika. Alipiga hata sarafu za dhahabu.

Ibn Battuta alimkuta mwaka ule ule wa 1331. Anamsifu kwa ukarimu: maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, na Sultani, alipoona watu wamelipenda tendo lile, akamwongezea maskini yule watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Msafiri anaeleza kwamba zawadi za huko mara nyingi ni pembe, dhahabu ni mara chache. Na hapa kuna jambo ambalo limewasumbua wasomaji wake: anaandika kwamba nyumba za Kilwa ni za miti, zimeezekwa kwa nyasi. Wengine wamesema kanakili vibaya. Sioni haja. Majumba ya mawe yalikuwa ya wachache. Watu wengi waliishi katika nyumba za fito na udongo, na mgeni aliyetembea mjini aliona wengi.

Mwisho wa utajiri huo unajulikana, nitaupitia haraka. Cabral, nahodha Mreno, alifika Kilwa mwaka 1500. Vasco da Gama alirudi mwaka 1502 kudai kodi ya dhahabu. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji na kuupora. Wareno walitaka dhahabu ya Sofala peke yao, wafanyabiashara wakaipitisha njia nyingine, na Kilwa haikuinuka tena kwa kimo kile. Ilipata uhai mwingine karne ya 18, safari hii kwa biashara ya watumwa na Wafaransa.

Boriti haikuhitaji sultani. Ilihitaji mkataji, mtumbwi na nahodha mwenye nafasi ndani ya ngama. Sokoni Unguja na Lamu, Mukalla na Muscat, iliendelea kuuzwa kwa korija. Wajerumani walipoingia waliuona msitu wa delta kama mali ya serikali, wakautia kwenye hifadhi mwaka 1898 na kuweka ofisi ya misitu Salale. Kuanzia hapo mkataji alihitaji kibali na mnunuzi alilipa ushuru. Waingereza wakaendelea hivyo hivyo. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika delta ndani ya jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, nahodha wake Ali bin Nasir al-Najdi, akashuhudia mabaharia wakihangaika kwa majuma kwenye tope na mbu kujaza chombo boriti za kwenda Ghuba. Kitabu alichokiandika, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Mabadiliko ya utawala, dini, sarafu na lugha za ofisini yalikuwa yamepita. Shehena ilikuwa ile ile aliyoiona al-Istakhri kwenye dari za Siraf.

Kilichoiua biashara hiyo hakikutoka Rufiji. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na pesa za mafuta zikaleta saruji na nondo. Paa la zege halitaki mkoko, wala halijali urefu wa mita tatu. Vyumba vikapanuka. Katika miaka ya 1980 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje, na Tanzania ikafunga ukataji wa mikoko kwa muda. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingia katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa za Ramsar.

Kwa hiyo kumbukumbu ya wakataji wa delta haiko kwenye Tarikh, wala kwa Ibn Battuta, wala kwenye barua za Wareno. Hawakuandika na hawakuandikwa. Iko kwenye mashina ya kale, kwenye makaburi ya visiwani, na zaidi ya yote chini ya mashamba ya mikorosho na ufuta ya Kibiti, ambako shanga na vigae huibuka mvua ikishanyesha au trekta likishapita. Shanga moja ikitolewa ardhini bila mtu kujua ilikaa wapi na pamoja na nini, imebaki kuwa pambo la shingoni tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka mwenye kuokota kitu cha kale atoe taarifa. Ndugu yangu wa Mtawanya, Mchukwi au Bungu, jembe lako likigonga kigae chenye michoro au shanga usiyoijua, iache ilipo, weka alama, na mweleze mtendaji wa kijiji apeleke habari kwa watu wa mambo ya kale.